Gitaa Kabla ya Bastola

Kwa anayetafuta mahali pa kupigia filamu ya mapigano, Kampemba ina karibu kila kitu isipokuwa ukimya. Komini hii, mojawapo ya saba zinazounda jiji la Lubumbashi, ina Quartier Industriel na kuta zake ndefu za maghala. Ina mitaa ya Bel-Air na Bongonga. Ina barabara za udongo ambako gari likipita kasi wakati wa kiangazi hujitengenezea wingu lake la vumbi bila kulipiwa. Taabu huanza kinasa sauti kinapowashwa. Baa inapiga rumba ya Kinshasa, kwaya inafanya mazoezi, mafundi wanagonga bati. Fundi sauti hukunja uso. Mwenye kushika mfuko wa filamu, kama ni mjanja, angeanza kuandika majina ya hao wanaoimba.

Filamu ya mapigano huuza vitu viwili: hatari na kasi. Hatari ina bei. Magari ya kuvunjwa, baruti, vibali vya kufunga barabara, watu wa kuruka kutoka juu ya paa: hayo Hollywood na Hong Kong wameyafanya kwa miongo, na mtazamaji aliyekulia mbele ya kanda za Bruce Lee na Rambo hadanganywi kirahisi na bomu la kompyuta. Lakini kasi hutengenezwa mezani kwa mhariri. Picha za sinema hupita 24 kwa sekunde. Muziki wa mapigo 120 kwa dakika hudunda mara mbili kila sekunde, yaani pigo moja kwa kila picha 12. Mhariri akikata kwenye pigo, vijana wawili waliokuwa wakikimbia uchochoroni kwa uchovu wataonekana wanakimbia kuokoa roho zao. Akikata picha moja au mbili kabla ya pigo, mtazamaji hushtuka asijue kilichomshtua. Hakuna ujanja wa sinema ulio nafuu kuliko huo, na katika filamu za bajeti ndogo ndio unaofikiriwa mwisho, pesa zikiwa zimeishia kwenye bastola za bandia.

Mjerumani Tom Tykwer aliielewa hesabu hii mapema. Lola rennt, filamu yake ya 1998 kuhusu msichana anayekimbia kumwokoa mpenzi wake, inasukumwa na muziki wa tekno ambao yeye mwenyewe alishiriki kuutunga. Baadaye jina lake lilionekana nyuma ya Nairobi Half Life (2012), hadithi ya kijana wa bara anayeingia katika genge la wezi jijini, iliyoongozwa na David “Tosh” Gitonga na kuzaliwa katika warsha za One Fine Day Films, kampuni ya Tykwer na Marie Steinmann. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kugombea Oscar.

Kuna njia nyingine, ya zamani zaidi: kumchukua mwimbaji na kumpa bunduki. Jamaika ilifanya hivyo 1972 kwa Jimmy Cliff katika The Harder They Come, na nyimbo za filamu hiyo zikafika mahali ambapo filamu yenyewe haikufika. Afrika Kusini ilifanya hivyo 2005 katika Tsotsi, ambamo Zola, nyota wa kwaito, aliigiza jambazi na muziki wake ukatawala mitaa ya picha. Kinshasa nayo ikafanya hivyo katika Viva Riva! (2010) ya Djo Tunda Wa Munga. Hadithi ni ya petroli ya wizi katika mji uliokaukiwa mafuta, na mhusika mkuu, Riva, aliigizwa na Patsha Bay, mtu wa muziki kabla ya kuwa mtu wa sinema. Filamu hiyo ilizoa tuzo 6 za AMAA, tuzo za sinema za Afrika, mwaka 2011, ikiwemo ya filamu bora. Faida ya mwimbaji iko wazi: anakuja na mashabiki wake, na anajua kutembea mbele ya watu.

Lubumbashi ina nini cha kuweka mezani? Kwanza, ina gitaa. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na upigaji wake wa vidole viwili ukawa shule kwa wapiga gitaa kuanzia Katanga hadi Nairobi. Biashara iliunusa mtindo huo kabla ya sinema: mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi, na gitaa lake likatumika kutangaza dawa ya Aspro. Kama liliweza kuuza vidonge vya kichwa, haielezeki kwa nini lisiuze tiketi.

Pili, kuna karindula. Ni banjo kubwa kupita kiasi: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, shingo ndefu na nyuzi nne, na mpigaji hulikalia au kuliegemea kama mtu anayepigana nalo. Mwaka 2011 kampuni ya Ubelgiji ya Crammed Discs ilitoa The Karindula Sessions, rekodi za vikundi vya Lubumbashi zilizosimamiwa na Vincent Kenis, zikiwa na picha za video pia. Vipande vyake havina haraka ya kwisha. Vinaongeza joto kidogo kidogo, dakika baada ya dakika, hadi wachezaji wanajirusha chini. Mwandishi wa filamu akivisikiliza kwa makini atagundua kwamba tayari ana tukio zima la kufukuzana, lenye mwanzo, kupanda na kuanguka, na linalobaki ni kulijaza watu.

Tatu, kuna lugha. Hapa hesabu inakuwa ngumu kidogo. Muziki unaotawala baa za Kampemba huimbwa kwa Kilingala, lakini watu wanagombana, wanapatana bei na kutongozana kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile cha “batoto”, ambacho kundi la maigizo la Mufwankolo lilikijengea hadhira redioni na kwenye televisheni. Msikilizaji wa Dar es Salaam huhitaji muda kukizoea katika mazungumzo. Katika wimbo hahitaji. Mtayarishaji wa Katanga anayetazama soko la Kalemie, Bukavu, Kigoma na Mombasa angefanya vyema kuuweka wimbo wa Kiswahili mahali pa kuonekana, si nyuma ya majina ya mwisho ambapo watu wameshasimama kutafuta viatu.

Na wimbo wa nyumbani si lazima uwe ngoma za vita. The Constant Gardener (2005), iliyotoka katika riwaya ya John le Carré kuhusu kampuni ya dawa na mauaji nchini Kenya, ilipigwa kwa sehemu Kibera na Loiyangalani, na muziki wake ni wa Mhispania Alberto Iglesias. Kilichobaki masikioni mwa wengi ni sauti ya Ayub Ogada na nyatiti yake katika “Kothbiro”, wimbo wa Kijaluo unaotaja mvua inayokuja. Ni wimbo wa taratibu kabisa. Umewekwa mahali ambapo filamu nyingine ingeweka milipuko, na hofu inazidi.

Mtu aliyeipeleka mbali fikra ya kuanza na wimbo ni mwana wa Lubumbashi mwenyewe. Baloji alizaliwa jijini humo mwaka 1978, akakulia Ubelgiji, akajulikana kwa rap kabla ya kamera. Jina lake halihitaji mkalimani Kampemba: walozi, watu wa uchawi, na mzigo wa jina hilo ndio mbegu ya Augure, filamu yake ya kwanza ndefu, iliyopigwa Kinshasa na Lubumbashi na kupata tuzo ya Sauti Mpya katika kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes, Mei 2023. Augure si filamu ya mapigano, ingawa ina magenge ya watoto wa mitaani wanaovaa sketi za waridi na kutisha kuliko wenye suti nyeusi. Cha kujifunza ni utaratibu wake. Baloji aliwatungia nyimbo wahusika wakuu wanne, kila mmoja kwa mtazamo wake, albamu kwa albamu. Muziki haukuja kupaka rangi ukuta uliokamilika. Ulikuwa sehemu ya matofali. Kibiashara maana yake ni kwamba hadithi moja ilizaa bidhaa zaidi ya moja, na kila moja inaitangaza nyingine.

Sasa karatasi, sehemu inayochosha na inayoamua kila kitu.

Wimbo uliorekodiwa una milango miwili. Mmoja ni wa aliyetunga maneno na sauti. Wa pili ni wa anayemiliki rekodi. Kuuweka juu ya picha kunahitaji funguo zote mbili. Kongo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na ina SOCODA, ushirika wa kukusanya haki hizo uliochukua nafasi ya SONECA ya enzi za Mobutu. Kwenye YouTube sheria hiyo ina mkono wa mashine: mfumo wa Content ID hulinganisha sauti ya kila video na hifadhi yake, na ukikuta wimbo wa mtu, mwenye wimbo anaweza kuchukua mapato ya matangazo au kuifunga video. Mtayarishaji aliyepamba filamu yake kwa muziki wa Hollywood anaweza kujikuta amemfanyia kazi tajiri wa mbali bila mshahara.

Hatari ya upande wa pili, ule wa mtunzi, ni nzito zaidi, na Afrika ina kesi yake inayojulikana. Mwimbaji Solomon Linda alirekodi “Mbube” Johannesburg mwaka 1939 kwa kampuni ya Gallo, ile ile ambayo baadaye ilitoa santuri za Mwenda. Alipokea shilingi kumi. Wimbo ukabadilishwa jina, ukazunguka dunia, ukaingia katika The Lion King ya 1994. Warithi wake walifungua kesi 2004 na kufikia mapatano 2006, miaka 43 baada ya kifo chake. Msemo unasema mcheza kwao hutunzwa. Linda alicheza kwao.

Kwa Kampemba, dawa si ya gharama. Anayeitaka rekodi ya Mwenda ya 1952 atalazimika kutafuta warithi wa mtunzi na pia mwenye rekodi, na njia itamfikisha Afrika Kusini, ambako ILAM, maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Makhanda, inahifadhi kazi za Tracey. Anayemwita mpiga gitaa wa mtaani kutunga kitu kipya kwa mtindo uleule hukuta milango yote miwili ina mwenyeji mmoja, naye anakaa karibu. Mkataba wa kurasa mbili unatosha: nani katunga, rekodi ni ya nani, itatumika katika filamu, trela na redio, kwa nchi zipi, kwa miaka mingapi, na mpiga gitaa anapata nini filamu ikiuzwa tena. Usainiwe kabla ya siku ya kwanza ya kamera. Baada ya filamu kupata mnunuzi, bei ya saini hupanda, na si kosa la mwenye gitaa.

Kuna pia orodha ya muziki uliotumika, ambayo televisheni huitaka ili kulipa watunzi: jina la wimbo, mtunzi, sekunde ngapi, mahali gani. Humo huingia hata usichokusudia. Ile rumba ya baa iliyopenya kwenye kinasa sauti wakati jambazi anaomba msamaha ina mwenyewe, na ikisikika waziwazi ina mstari wake katika orodha. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya asubuhi inaweza kuwa kwenda kwa mwenye baa na noti chache, azime redio kwa saa mbili, huku mpiga gitaa wa mtaa wa pili akiwa amekaa kivulini, anakaza nyuzi.