Ndugu wa Zumari Aliyekaa Leipzig

Paukwa! Mbona pakawa yenu nyonge hivyo? Haya, sogeeni, leo nina hadithi ya kweli.

Mpiga zumari mnamjua. Vijana wanapochezeana fimbo kwenye kirumbizi, au siku ya mchezo wa ng'ombe, yeye ndiye aliyevimbisha mashavu kama chewa. Siri yake imo kinywani: tete, yaani vipande vya jani vilivyobanwa pamoja, ambavyo pumzi ikipita katikati vinatetemeka na kulia. Huvitia mdomoni kabisa, midomo ikaegemea kisahani kilicho chini yake, kisha hupuliza hewa ya mashavuni huku akivuta nyingine kwa pua. Ndiyo maana sauti haikatiki. Msijaribu na wali mdomoni, mtapaliwa.

Sasa, zumari ina ukoo mkubwa. Tawi moja lilishuka huku pwani yetu kwa njia ya bahari. Jingine lilitoka nchi za Waislamu likaingia Ulaya zamani sana, likawa likipigwa sokoni na kwenye maandamano, kelele tupu. Katika karne ya 17 mafundi wa Ufaransa wakalichonga upya: wakaligawa vipande vya kuunganisha na kutia vibonyezo vya kuziba matundu, na mpigaji akashika tete kwa midomo badala ya kulimeza. Hapo akaweza kupiga kwa sauti ndogo hata chumbani. Ndugu huyo akaitwa oboi.

Tumfuate ndugu huyo. Mwaka 1723, katika mji wa Leipzig huko Ujerumani, aliajiriwa mtunzi mwenye umri wa miaka 38, Johann Sebastian Bach. Kazi yake ilikuwa kufundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas na kusimamia muziki wa makanisa ya mji. Msimdhanie bwana mkubwa aliyeketi akingoja wimbo umjie. Miaka ile ya mwanzo karibu kila Jumapili ilidai kantata, yaani utungo wa waimbaji na vyombo, na nyingi zilikuwa mpya kabisa. Akimaliza kuandika, karatasi ya kila mpigaji ilinakiliwa kwa mkono. Mkewe Anna Magdalena, wanawe na wanafunzi, wote walishikishwa kalamu. Jumapili haisubiri wino ukauke! Kantata kama 200 zimebaki mpaka leo.

Na oboi? Bach aliipenda mno. Mpigaji wake mkuu alikuwa Johann Caspar Gleditsch, mmoja wa wanamuziki walioajiriwa na mji. Wanamuziki hao hawakuwa wa kanisani tu; arusi pia zilikuwa riziki yao, kama zilivyo kwa wapigaji wetu. Bach naye alipata fedha za ziada kwenye arusi na mazishi. Mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake Georg Erdmann akilalamika kwamba hewa ikiwa nzuri, watu hawafi kwa wingi, na kipato kinapungua. Mimi nikisoma maneno hayo hucheka, kisha hukumbuka kwamba alikuwa na watoto wengi wa kulisha.

Kuna watu watakaowaambia kwamba wenzetu wa Ulaya hupiga yaliyoandikwa tu, na sisi hupiga ya kichwani tu. Si kweli. Zama za Bach mpiga kinanda aliyesindikiza wengine aliwekewa noti za besi tu, na tarakimu ndogo juu au chini yake. Tarakimu zilimwonyesha sauti zipi ziende pamoja. Namna ya kuzipanga na kuzipamba alibuni mwenyewe palepale, akiwasikiliza wenzake. Asiyejua kubuni hakuiweza kazi hiyo.

Huku kwetu nako kalamu ilikuwapo. Mwaka 1728, Bach akiwa bado Leipzig, Bwana Mwengo wa Athmani aliandika Utendi wa Tambuka kisiwani Pate, kwa herufi za Kiarabu. Utendi hughaniwa, hausomwi kimyakimya. Lakini karatasi ilibeba maneno tu. Sauti mghani aliipata kwa mghani aliyemtangulia. Na zumari ni vivyo hivyo. Kwa hiyo nyimbo za Bach tunaweza kuzipiga kwa noti alizoziandika, ila za wapiga zumari wa Pemba mtazipata kwa mpigaji mwenyewe. Msimwombe karatasi. Kaeni karibu naye, mwangalieni vidole, na akirudia mara ya tatu mwulizeni kwa nini safari hii amebadilisha.