Kitabu cha Majini na Kurasa Nilizozikata



Wasomaji wengi wa jarida hili wanajua kwamba mwaka uliopita nilitoa kitabu kidogo juu ya majini. Baadhi yenu mlikinunua, na wengine, najua, mlikiazima kwa jirani. Mhariri ameniomba nisimulie jinsi kilivyoandikwa, kikapigwa chapa na kikauzwa, kwa kuwa wapo vijana mtaani wanaoandika na wanataka kuijua njia. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nisimulie na yale ambayo mtunzi hupenda kuyafunika.

Kitabu kilizaliwa katika darsa. Kila niliposomesha tafsiri ya Suratul-Jinn, wanafunzi waliniuliza aya mbili tatu, kisha maswali yakahamia majumbani mwao: kibwengo wa ufukweni, subiani, rohani aliyerithiwa kwa bibi, mbuyu ulio nyuma ya nyumba, paka aliaye usiku wa manane. Nikaona kwamba watu wetu wanayajua majina ya pepo kuliko wanavyozijua nguzo za udhu. Qur'ani imewataja majini, na sura nzima, ya 72, yenye aya 28, imeitwa kwa jina lao; Muislamu hana njia ya kukana kwamba wapo. Walakini baina ya kuamini kuwapo kwao na kumtwika jini kila maradhi, kila talaka na kila duka lililofilisika, pana masafa marefu. Masafa hayo ndiyo niliyotaka kuyapima.

Niliandika kwa mkono katika madaftari matatu. Binti yangu akanipigia kwenye kompyuta, na mara kwa mara akinijia na karatasi mkononi: "Baba, sentensi hii imeanza ukurasa wa juzi na haijafika." Mswada ulipokamilika niliupeleka kwa mchapishaji mmoja Nairobi. Baada ya miezi minane nikapata barua fupi ya heshima, kwamba wao huishi kwa vitabu vya shule, na kitabu changu hakimo katika mtaala wowote. Sikumlaumu. Biashara ya vitabu nchini mwetu imeegemea vitabu vya kiada, na asiyeandikia darasa hana budi kujigharimia.

Basi nikajigharimia. Nambari ya ISBN, ile ya tarakimu 13 iliyo nyuma ya kitabu, niliiomba kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa, na kazi yenyewe nikampa mpiga chapa wa hapa Mombasa, mtu mwema mwenye ulimi mtamu. Yeye ndiye aliyenifunza hesabu ambayo kila mtunzi mpya yafaa aijue kabla ya kuandika neno. Kitabu hakiongezeki ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa hupigwa chapa, ikakunjwa, ikatoa kurasa 16. Kwa hiyo kitabu hupanda kwa vidato: 48, 64, 80. Mswada wangu ulikuwa na kurasa 70. "Shekhe," akaniambia, "ama ukate sita, ama ulipie kumi zitakazokuwa tupu." Nilikuwa na pesa za 64.

Tukabishana kwanza juu ya jalada. Mchoraji wake alikuwa ameshachora uso mwekundu wenye pembe. Nikamuuliza aliuona wapi. Akacheka, akaufuta, akachora mbuyu usiku wenye mwezi nyuma yake, nami nikanyamaza, ingawa ndani ya kitabu nilikuwa nimeandika kurasa nne nzima kuwaambia watu wasiiogope mibuyu. Kisha akaniomba neno moja tu liongezwe katika anwani: Siri. Nikasema hakuna siri yoyote humu, yote yako katika vitabu vya wanavyuoni na yamesomeshwa miaka mia saba. "Hayo wewe wayajua, shekhe. Mnunuzi hajui." Neno likatiwa.

Baada ya hapo nikakaa usiku mmoja na kalamu nyekundu. Nilikata shukurani, nikakata isnadi za hadithi, nikafupisha utangulizi. Bado nilikuwa nimezidi kurasa mbili. Katika mlango wa maradhi nilikuwa nimemnakili Ibnul-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ambaye katika Zaadul-Maad ameigawa kifafa mafungu mawili: kuna inayotokana na roho chafu, na kuna inayotokana na mchafuko wa mwili wenyewe, na hii ya pili ndiyo wanayoishughulikia matabibu, sababu zake na dawa zake. Nilijiambia kwamba kitabu hiki ni cha majini, si cha udaktari. Nikaliacha fungu la kwanza, nikalikata la pili. Kurasa zikatimia 64.

Tulipiga chapa nakala 500. Kuuza kitabu kuna adabu zake, nami nilikuwa sizijui. Maduka ya karibu na misikiti huchukua theluthi ya bei na hulipa wanapokumbuka. Nilikipeleka Lamu wakati wa Maulidi, nikauza kuliko nilivyouza Mombasa miezi miwili, kwani mgeni wa Maulidi hapendi kurudi kwao mikono mitupu. Nilialikwa redioni saa nzima. Simu zilipofunguliwa hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya kitabu. Kila aliyepiga alikuwa na dari inayogonga au mkwe asiyemwelewa. Mzee mmoja alinifuata hadi nyumbani kuniuliza ni ukurasa upi wa kukata na kushonea hirizi. Nikamjibu kwamba ukurasa wa 22 umeandikwa kukataza jambo hilo hilo. Akashukuru, akauliza kama huo wa 22 wafaa.

Nilikuwa nikiyasimulia hayo barazani na watu wakicheka, nami nikicheka nao. Kitabu kilikuwa kinakwenda. Vijana wakawa wanapiga picha kurasa na kuzisambaza kwa WhatsApp, na nilipoambiwa nilifurahi, nikidhani ni tangazo la bure. Ukurasa uliosambaa kuliko yote ulikuwa wa 41, wenye lile fungu la kwanza la Ibnul-Qayyim. Ulikwenda peke yake, bila ya jalada, bila ya utangulizi na bila ya wa 40.

Siku moja baada ya alasiri alinijia mama mmoja na mwanawe wa miaka tisa. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umefungwa bendeji hadi juu ya kiwiko. Mama alikaa mkekani, akanitolea salamu kwa heshima kubwa, akasema amekuja nimsomee mtoto zaidi, maana kisomo anachomsomea yeye mwenyewe hakijafua dafu. Nikamuuliza mkono umefanya nini. Akasema mtoto alianguka kwa kifafa karibu na jiko, mafuta yakamwagika.

"Hatumii dawa?"

"Alikuwa akitumia, shekhe, mwaka wa pili huu, na alikuwa hajambo. Tumeziacha wiki tatu."

"Mbona mkaziacha?"

Alinyoosha simu yake, hakunijibu kwa mdomo. Nikauona ukurasa wangu, pamoja na alama ya kidole cha aliyeupiga picha.

Hakuja kunilaumu. Hilo ndilo lililonikata maini. Angalinitukana ningalipata la kujitetea. Alikuwa ameniamini, na alitaka nimwongezee kile kile kilichomuunguza mwanawe.

Nilimsomea mtoto, kwani dua hainyimwi mtu, kisha tukapanda tuktuk sote watatu tukaenda hospitalini. Daktari, kijana wa umri wa wanangu, alieleza kwa upole kwamba dawa za kifafa zikikatwa ghafla kifafa hurudi kwa nguvu, pengine kwa nguvu kuliko mwanzo, na kwamba haziachwi illa kwa kupunguzwa kidogo kidogo na kwa ruhusa ya mtabibu. Alieleza pia kwamba huku pwani ameshawaona watoto kadhaa walioletwa wakiwa wameungua au wamezama majini, baada ya wazee wao kuzunguka kwanza kwa waganga. Degedege ya homa ya malaria, ambayo bibi zetu waliiita nyuni wakidhani ni kivuli cha ndege, nayo huletwa hospitalini imechelewa vivyo hivyo. Kisha akamgeukia mama: "Nani alikwambia uziache?"

Mama aliinamisha kichwa. Nikasema, "Ni mimi."

Mtoto amerudishiwa dawa zake na amerudi darasani. Mkono umepona, lakini ngozi imekunjamana na vidole viwili havinyooki sawasawa. Akinikuta njiani huniamkia, na mimi humwitikia nikiwa nimeuangalia mkono ule.

Jioni ya siku ile nilizunguka madukani nikakusanya nakala zote zilizosalia. Pamoja na zilizokuwa nyumbani zilikuwa 120. Niliwarekodia vijana maneno ya dakika tatu wayasambaze kule kule walikousambaza ukurasa, nikisema kwa sauti yangu kwamba Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, kwamba kisomo na dawa havipigani, na kwamba ukurasa wa 41 si kauli kamili ya Ibnul-Qayyim wala si kauli yangu. Sijui yamefika wapi. Nimeona kwamba marekebisho hayatembei kwa mwendo wa kosa.

Chapa ya pili imetoka mwezi huu. Ina kurasa 80, na fungu la pili limerudi mahali pake, likafuatwa na kurasa nne nilizomwomba daktari yule azipitie neno kwa neno. Mbuyu umeondoka juu ya jalada, na neno Siri pia. Mpiga chapa alinionya kwamba hakitauzika kama cha kwanza, na hadi sasa maneno yake ni ya kweli.

Mwenye nakala ya kurasa 64 na ailete mlangoni mwa madrasa baada ya sala ya Ijumaa, apewe mpya bila ya malipo, hata kama aliinunua kwa mtu au imechanika. Zilizouzwa ni 380. Zilizorudi hadi Ijumaa iliyopita ni 97. Bado 283.