Kutafuta Chanzo cha Oili Inayovuja Garini

Magari yanaposubiri ukaguzi mpakani Malaba, baadhi huacha madoa meusi pale yalipoegeshwa. Wenye magari wengi huongeza oili asubuhi na kuendelea na safari. Polisi wanalo neno katika jambo hili, kwa kuwa oili ikichanganyika na mvua humwangusha mwendesha bodaboda anayefuata nyuma, na ikidondokea ekzosi yenye moto yaweza kuwaka.

Ndugu msomaji, laza kipande cha boksi chini ya injini usiku kucha, gari likiwa mahali tambarare. Oili ya injini huonekana kahawia au nyeusi, nayo huteleza vidoleni. Majimaji mepesi yaliyo karibu na gurudumu yaweza kuwa mafuta ya breki. Gari hilo lisiondoke mpaka fundi alitazame.

Kosa kubwa ni kuamini kwamba inapodondokea ndipo inapotokea. Oili hutiririka kutoka juu, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma, hata sampu ikalaumiwa kwa kosa la gasketi ya tapeti kava. Kwa hiyo injini ioshwe, ikauke, gari liendeshwe dakika 15 hivi, kisha ikaguliwe kwa tochi kuanzia juu. Penye unyevu wa juu kabisa ndipo penye chanzo. Mara nyingi huwa ni gasketi hiyo, filta isiyokazwa sawasawa, au nati ya kumwagia oili iliyorudishwa na washa kuukuu. Nati isikazwe kwa nguvu za hasira, maana uzi wake ukilika, sampu nayo huharibika. Sili ya nyuma ya krenki ina gharama zaidi, kwani sharti giaboksi ishushwe.

Mimi nilibadilishiwa sili hiyo mara mbili katika gereji moja. Fundi mwingine, mzee asiye na maneno mengi, alichomoa mpira wa kupumulia injini akaukuta umeziba. Injini isiyopumua husukuma oili nje kupitia sili, hata iwe mpya. Aliusafisha, akaweka sili nyingine, na hadi leo boksi langu ni kavu.

Kabla ya matengenezo, pima oili kwa kijiti kila asubuhi. Taa nyekundu yenye umbo la birika ikiwaka njiani, egesha kando na kuzima injini mara moja. Na ikiwa oili imemwagika barabarani, ifunike kwa mchanga kabla hujaondoka.