Riwaya za Kihistoria na Wasomaji Vijana wa Kinondoni na Temeke

Huulizwa mara kwa mara kama riwaya ngumu zinazosimulia mambo ya kale huwavutia vijana kweli, au huwavutia tu wakubwa wanaowachagulia vijana hao vitabu. Swali hili halijibiki mpaka ibainishwe kwanza maana ya ugumu wenyewe; maana riwaya yaweza kuwa ngumu kwa njia tatu: kwa maneno yake, kwa mambo yake, na kwa mpango wa masimulizi yake.

Ugumu wa maneno ndio unaolalamikiwa zaidi, lakini ndio ulio mwepesi kuliko yote. Kijana wa Tandika au Mwananyamala hujifunza maneno mapya ya mitaani bila kamusi, kwa kuwa huyasikia tena na tena katika mazungumzo yanayomhusu. Riwaya njema hufundisha kwa njia iyo hiyo. Katika "Takadini" ya Ben Hanson, hadithi ya Zimbabwe ya zamani ambayo kwa miaka mingi imesomwa na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, msomaji hukutana na neno la Kishona "musope". Hofu ya wanakijiji mbele ya mtoto mwenye ualbino humfahamisha maana yake kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Ugumu wa mambo ni mzito zaidi. "Kuli" ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1979, yahusu wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Kijana wa Temeke huenda akaona kwamba Rashidi, mwana wa kuli ambaye naye akawa kuli, ni mtu wa mbali. Lakini bandari ya Dar es Salaam iko jirani naye, pale Kurasini, na wachukuzi wake waligoma mwaka 1947, yaani mwaka mmoja kabla ya wenzao wa Unguja. Akiisha kuelezwa hayo, hadithi huacha kuwa ya ng'ambo ya bahari ikawa ya mtaa wake.

Ugumu wa tatu waonekana katika "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka" ya Aniceti Kitereza, iliyokamilika kwa Kikerewe mwaka 1945 na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1980. Masimulizi yake husimama mara nyingi ili kueleza kilimo, uganga na desturi za ugeni. Msomaji aliyezoea visa vya haraka aghalabu hukata tamaa. Hata hivyo, jambo linaloanzisha kisa, yaani mke na mume wasio na mtoto ambao jamaa zao wataka kuwatenganisha, lingali likijadiliwa katika nyumba za Mbagala na Magomeni.

Basi kinachowafukuza vijana aghalabu si ukale wa kitabu. Mwanafunzi wa sekondari husomeshwa masomo mengi kwa Kiingereza, na riwaya ya Kiswahili humfikia kama kazi ya mtihani: akariri dhamira, ataje wahusika, aandike ujumbe. Wako wanaojibu maswali kwa kutegemea vijitabu vya muhtasari, pasipo kuisoma riwaya yenyewe. Kwa msomaji wa namna hiyo haiwezi kusemwa kwamba riwaya imempendeza wala imemchukiza, kwa kuwa hajakutana nayo.

Hasara yake si ndogo. Katika miaka iliyofuata 2006 watu wenye ualbino waliuawa katika sehemu kadha za Tanzania kwa sababu ya imani za ushirikina. Kijana aliyemfuata Sekai, mama yake Takadini, akikimbia na mwanawe usiku, ana jambo la kufikiri asikiapo habari kama hizo. Aliyekariri kwamba "dhamira mojawapo ni mila potofu" ana jibu la mtihani tu. Kwa hiyo yafaa mwalimu asome kwa sauti sura za mwanzo, aeleze wakati na mahali pa kisa, kisha awaachie wanafunzi kitabu kizima kabla ya kuwauliza swali lolote. Hapo ndipo itakapoweza kupimwa kwa haki kama riwaya hizo zinawavutia.