Je, Wajua? Jini Mahaba Safarini

Je, wajua kwamba vitabu vya kusikiliza vilianzia kwa wasioona? Mwaka 1935 nchini Uingereza walianza kupelekewa riwaya kwenye santuri, wakiwemo askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika 25 hivi. Agatha Christie alikuwemo kwenye shehena ya mwanzo kabisa.

Sasa piga hesabu ya anayesikiliza simulizi ya jini mahaba akiwa safarini. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na mwendo wa juu mchana ni kilomita 70 kwa saa. Basi linalotii sheria halitoki humo kabla ya dakika 40 na ushee: muda tosha wa binti wa kwenye simulizi kugundua kuwa mchumba wake ana kwato. Dereva yeye asisikilize. Tembo huvuka bila kupiga honi.

Anayepanda treni ya SGR, iliyofika Dodoma mwaka 2024, apakue simulizi yake mapema. Kwenye milima ya Kilosa treni huzama mahandakini, na mtandao ukikata pale jini anapotamka ndoa, utamu umekwisha.

Je, wajua kwamba mapenzi ya jini na binadamu hatukuyasubiri kutoka Ulaya? Pwani husemwa jini mahaba humjia mtu usingizini, akampenda, kisha wivu wake ukamharibia kila posa. Mussa Banzi alimpeleka jini wa namna hiyo kwenye filamu ya Shumileta, miaka ya 2000. Na katika Alfu Lela Ulela, majini wanabishania uzuri wa Kamarzamani na binti mfalme wa nchi ya mbali. Ili kuumaliza ubishi, wanambeba binti akiwa usingizini na kumlaza kando ya kijana. Washenga gani wa kibinadamu wangethubutu?

Huko Ukaguru, wilayani Kilosa, Mmarekani T. O. Beidelman alianza utafiti mwaka 1957, akazitoa ngano midomoni mwa Wakaguru na kuzichapa. Wasimulizi wa YouTube leo wanakwenda kinyume chake: hutwaa hadithi iliyoandikwa wakairudisha mdomoni. Tatizo ni haraka. Wengi humsoma jini kama wanasoma matokeo ya mpira, wakati jini mahaba, kwa sifa zake zote, ni mtu wa kunong'ona.