Saratani ya umio: kisu kinaweza nini, na kinashindwa wapi

Mgonjwa wa saratani ya umio hubadilisha chakula kabla ya kwenda hospitali. Nyama ndiyo huachwa kwanza, halafu kande. Ugali huanza kulainishwa kwa mchuzi mwingi, na mwishoni hubaki uji na maziwa. Nyumbani watu husema ni vidonda vya tumbo, duka la dawa huuza vidonge vya kupunguza asidi, na miezi inakwenda. Anapofika kwa daktari bingwa wa upasuaji, mara nyingi hata uji unapita kwa shida na nguo zimeanza kumpwaya.

Kuchelewa huku si uzembe wa mgonjwa peke yake. Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa sentimita 25 hivi, unaotoka kooni, unapita kifuani nyuma ya moyo, na kuingia tumboni. Unatanuka sana, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua ndani yake muda mrefu bila mwenyewe kujua. Chakula kigumu huanza kukwama njia ikishabaki na upana wa milimita 13 hivi. Tena, tofauti na utumbo, sehemu kubwa ya umio haina ule utando wa nje ambao ungeuchelewesha uvimbe usishike viungo vya jirani. Mishipa yake ya limfu nayo hupanda na kushuka ndani ya ukuta wake, hivyo seli za saratani zinaweza kufika kwenye tezi za shingoni au za tumboni ilhali uvimbe wenyewe uko katikati ya kifua. Karibu kila ugumu wa tiba hii unaanzia kwenye maumbile hayo.

Afrika Mashariki ina mzigo wake wa pekee. Kuanzia Ethiopia, kupitia magharibi mwa Kenya na Tanzania, hadi Malawi na kusini zaidi, kuna ukanda ambako saratani hii inaonekana kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 2010 watafiti wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, walichapisha taarifa ya wagonjwa 109 walioupata ugonjwa huu wakiwa na umri wa miaka 30 au chini yake. Kwingineko duniani ugonjwa huu huhesabiwa kuwa wa wazee. Chanzo kimoja hakijapatikana. Pombe, tumbaku, moshi wa kuni jikoni, afya duni ya meno na vinywaji vya moto sana vyote vimehusishwa nao. Watafiti waliopima joto la chai mkoani Kilimanjaro walikuta watu wakianza kuinywa ikiwa na wastani wa nyuzijoto 70 za Selsiasi, na chai ya maziwa ikinywewa ya moto kuliko ya rangi. Mwaka 2016 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaotafiti saratani ulitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Kuiacha chai ipoe kidogo hakugharimu chochote, nami sioni sababu ya kusubiri ushahidi zaidi kabla ya kuizoea tabia hiyo.

Sasa tuje kwenye kisu. Mwaka 1913, jijini New York, daktari Franz Torek alimfanyia upasuaji mwanamke wa miaka 67 na kuitoa sehemu ya umio iliyo kifuani. Hakuwa na njia ya kuziunga ncha zilizobaki. Aliacha tundu moja shingoni na jingine tumboni, kisha yakaunganishwa kwa mpira uliopita nje ya mwili. Mama yule alikula kupitia mpira huo na kuishi zaidi ya miaka 10. Lililobaki kwa waliomfuata Torek lilikuwa namna ya kuirudisha njia ya chakula ndani ya mwili.

Jibu lililodumu ni kulitumia tumbo lenyewe. Kwa njia aliyoieleza Ivor Lewis wa Uingereza mwaka 1946, mgonjwa hulazwa chali akiwa katika nusukaputi, na tumbo lake hufunguliwa kwanza. Mfuko wa chakula huachanishwa na viungo vinavyoushikilia na mishipa yake mingi ya damu hukatwa, lakini mmoja unaopita ukingo wake wa chini upande wa kulia hulindwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu huo ndio utakaoulisha mfuko mzima. Siku hizi mfuko hukatwa kwa urefu na kushonwa uwe mrija mwembamba. Kisha mgonjwa hugeuzwa, kifua hufunguliwa upande wa kulia, umio wenye uvimbe hutolewa pamoja na tezi zake za limfu, na ule mrija huvutwa hadi kifuani na kushonwa kwenye kipande cha umio kilichobaki juu.

Mshono huo ndio unaowanyima usingizi madaktari. Damu inaufikia kwa shida, maana ncha ya mrija ndiyo iliyo mbali zaidi na mshipa ule mmoja uliolindwa. Ukivuja, mate na chakula huingia kifuani na mgonjwa anaweza kufa kwa maambukizi ndani ya siku chache. Hatari nyingine ni mapafu. Mtu aliyefunguliwa kifua na tumbo kwa siku moja hupata maumivu makali anapovuta pumzi au kukohoa, makohozi yakakaa, na nimonia ikaingia. Upasuaji wa kupitia matundu madogo kwa kamera umesaidia hapo. Jaribio lililofanyika Ulaya na kuchapishwa mwaka 2012 lilionyesha kuwa maambukizi ya mapafu katika wiki mbili za kwanza yaliwapata asilimia 9 ya waliopasuliwa kwa kamera, dhidi ya asilimia 29 ya waliofunguliwa kwa njia ya kawaida.

Kipo kipimo kingine ambacho wagonjwa hawaambiwi mara nyingi, nacho ni hospitali hiyo hufanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka. Utafiti mkubwa wa wagonjwa wazee nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, uliona kuwa katika hospitali zilizoufanya chini ya mara mbili kwa mwaka, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano alifariki. Katika zile zilizoufanya zaidi ya mara 19 kwa mwaka, vifo vilikuwa asilimia 8 hivi. Mkono wa daktari ni sehemu tu ya tofauti hiyo. Kuna muuguzi anayetambua usiku wa nne kwamba homa hii si ya kawaida, kuna chumba cha uangalizi maalumu, kuna mtaalamu wa nusukaputi aliyezoea kazi hii. Kwa hiyo naona nchi zetu zinakosea pale ambapo kila hospitali kubwa inataka kujipatia sifa ya kuufanya upasuaji huu mara moja moja. Hospitali chache zipewe kazi hii, na wagonjwa wasaidiwe nauli ya kuzifikia.

Hata hivyo kisu peke yake hakitoshi. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la CROSS, ambamo kundi moja la wagonjwa lilipewa dawa za kemikali na mionzi kwa wiki tano kabla ya upasuaji, na jingine likapasuliwa moja kwa moja. Nusu ya waliopewa matibabu hayo waliishi zaidi ya miezi 49, dhidi ya miezi 24 kwa wenzao. Kwa aina ya saratani inayotawala Afrika Mashariki, karibu nusu ya waliotanguliziwa dawa na mionzi hawakukutwa tena na chembe hai ya saratani katika umio uliotolewa. Hapo likazuka swali la haki kabisa: kama uvimbe umekwisha, kwa nini mtu akatwe? Waholanzi wamelifuatilia katika jaribio la SANO, ambamo watu ambao vipimo havionyeshi tena saratani hufuatiliwa kwa karibu na kupasuliwa ikirudi tu. Matokeo ya miaka miwili ya kwanza yanaonyesha kuwa waliosubiri hawakuishi muda mfupi kuliko waliopasuliwa mara moja.

Habari hiyo ni njema, lakini isomwe pamoja na sharti moja la CROSS: hakupokelewa mgonjwa aliyekwisha kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Mgonjwa wetu wa uji na maziwa ameshauvuka mpaka huo. Kumpasua akiwa katika hali hiyo ni kumwongezea hatari, na mara nyingi vipimo vinaonyesha saratani imeshafika kwenye ini au mapafu, ambapo kuutoa umio hakumponyi.

Kwake kuna stenti, mrija wa wavu wa chuma unaopitishwa mdomoni ukiwa umekunjwa, ukawekwa palipoziba, kisha ukajifungua wenyewe. Timu ya Tenwek, ambayo daktari Russell White alikuwa mmoja wao, ilionyesha katika taarifa ya mwaka 2009, iliyohusu wagonjwa zaidi ya 500, kwamba stenti inaweza kuwekwa kwa kutumia kamera inayopitishwa mdomoni pekee, bila mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji. Kwa hospitali ya wilaya jambo hilo ni kubwa. Stenti haiondoi saratani. Inaweza kuhama, kuziba kwa pande la nyama, au uvimbe ukakua juu yake, na kwa mwenye matumaini ya kuishi miezi mingi zaidi, mionzi inayowekwa ndani ya umio huleta nafuu inayodumu kuliko stenti. Lakini mtu aliyekuwa akitema hata mate yake anarudi kukaa mezani na watoto wake. Hiyo ni tiba yenye thamani yake yenyewe, na isihesabiwe kuwa kushindwa kwa upasuaji.

Mabadiliko makubwa zaidi yatatoka kwenye kuuwahi ugonjwa. Seli zinazoelekea kuwa saratani hazishiki rangi ya madini joto, hivyo daktari akinyunyiza dawa hiyo ndani ya umio kupitia kamera, sehemu mbovu hubaki zimepauka huku nzima zikigeuka kahawia. Watafiti wa Tenwek waliwapima hivyo watu wasiokuwa na dalili yoyote kusini magharibi mwa Kenya, wakakuta takriban mmoja kati ya saba ana mabadiliko ya awali. Mengi ya mabadiliko hayo hayafiki kuwa saratani, na yale mabaya zaidi huweza kuondolewa kwa kamera hiyohiyo, bila kufungua kifua. Katika wilaya ya Cixian nchini China, kupima wanavijiji mara moja tu kwa njia hii kulipunguza vifo vya saratani ya umio kwa takriban theluthi moja katika miaka 10.

Kuwapima watu wote hatuna uwezo nako leo. Kuwapima wenye dalili ya kwanza tunaweza, ikiwa zahanati zitaacha kumpa vidonge vya asidi mara ya pili na ya tatu mtu anayesema chakula kinamkwama kifuani. Ukisikia ugali au nyama inashuka kwa shida, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki mbili, omba upimwe kwa kamera ya umio na ukatwe kinyama cha maabara, hata kama una miaka 25.