Jiko la makaa chumbani: joto lenye sumu
Msimu wa baridi ukifika, kati ya Juni na Agosti, wapangaji wengi wa Kahawa Wendani huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango na dirisha. Huamini kwamba makaa yakishakolea na moshi kuisha, hatari nayo imekwisha. Sivyo.

Makaa mekundu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushika damu kwa nguvu inayoshinda ya oksijeni zaidi ya mara 200. Nyumba nzima ikiumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, usidhani ni mafua. Aliyelala huenda asiamke.

Ukiota moto, fungua dirisha. Kabla ya kulala, toa jiko nje. Aliyezirai mtoe kwenye hewa safi, kisha mkimbize hospitalini apewe oksijeni.